Taa ya injini: kuizima si kulitengeneza gari

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki hii naomba tuzungumze habari ya kitaa kimoja kidogo cha rangi ya machungwa, chenye picha ya injini, ambacho huwaka kwenye dashibodi ya gari. Wenye magari mnakifahamu. Na wewe usiye na gari hapana shaka umekwisha kukiona, kwani ukipanda teksi na kuketi kiti cha mbele utakikuta kinamkodolea macho dereva, na dereva mwenyewe amekizoea kiasi kwamba hakioni tena. Wapo waliofika mbali zaidi, wakakibandika kipande cha utepe mweusi.

Nimevutwa kulizungumza jambo hili na yaliyompata jirani yangu hapa Dar es Salaam. Ni mwalimu mstaafu. Alipolipwa kiinua mgongo chake alitoa sehemu kubwa akanunua gari dogo lililotumika, la kutoka Japani, akitumaini kwamba litamfikisha hospitali yeye na mkewe bila kugombania daladala. Siku ya kununua, taa haikuwaka. Juma la pili ikawaka. Akaenda gereji, fundi akachomeka kifaa chini ya usukani, akabonyeza mara mbili tatu, taa ikazimika.

"Hiyo ni sensa tu, mzee wangu," fundi akasema. "Nimeshaifuta. Wewe endesha, usiwe na wasiwasi."

Mwalimu akalipa, akashukuru. Baada ya siku nne taa ikarudi. Naye akarudi gereji, ikafutwa, akalipa. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne taa haikutulia: ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, na gari likitetemeka kila lilipopanda mwinuko. Mwalimu akaendelea kuliendesha majuma mawili, maana alikwisha kuambiwa kwamba ni sensa tu.

Kilichofuata nitakieleza. Lakini kwanza tuulize kitaa hiki kilitoka wapi, kwa sababu asili yake ndiyo inayoeleza tabia yake.

Wengi wetu tunadhani kiliwekwa ili kumsaidia dereva. Sivyo. Kiliwekwa kwa ajili ya hewa. Katika miaka ya 1940 mji wa Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, ulianza kufunikwa na ukungu mchafu uliowachoma watu macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na mvuke wa viwanda vya mafuta, unapopigwa na jua. Kuanzia hapo California ikaanza kuwabana watengenezaji wa magari kwa sheria, kamba moja baada ya nyingine. Kikaja chombo cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Ikaja kompyuta ya kupima petroli. Na kwa magari ya mwaka 1988 California ikadai kwamba kompyuta hiyo ijichunguze yenyewe na kumwashia dereva taa inapoona kasoro. Kufikia mwaka 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa liwe na mfumo wa namna moja: tundu la pini 16 karibu na usukani, na namba za makosa zinazofanana kwa makampuni yote. Ulaya nayo ikayataka magari mapya ya petroli yafanye hivyo mwaka 2001.

Basi ndiyo sababu taa inaweza kuwaka na gari likaendelea kwenda kama kawaida, hata mwenyewe akaona kwamba taa ndiyo mbovu. Taa hailalamikii nguvu za gari. Inalalamikia moshi: kwamba umechafuka, au uko karibu kuchafuka, kuliko inavyoruhusiwa. Kwa hiyo aghalabu huiona kasoro muda mrefu kabla ya dereva kuisikia. Na kasoro inayochafua moshi mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayokula petroli yako leo na kuila injini yako kesho.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroliboksi, ni kama mlinzi wa zamu. Ina macho kila mahali, ndizo hizo zinazoitwa sensa. Moja hupima hewa inayoingia, nyingine joto la maji, nyingine mzunguko wa krenki, nyingine hukaa kwenye ekzosi ikinusa oksijeni iliyosalia katika moshi. Injini ya petroli huchoma vizuri inapopata karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na mlinzi huyu kazi yake ni kuulinda uwiano huo usiku na mchana. Akiona umepotoka, kwanza hujaribu kusahihisha mwenyewe, kwa kuongeza petroli au kuipunguza. Akishindwa, anaandika katika daftari lake.

Kwa makosa mengi hawashi taa papo hapo. Hungoja alione kosa lile lile katika safari ya pili, asije akapiga kelele kwa sababu ya paka aliyepita. Likijirudia, taa inawaka. Na pamoja na namba ya kosa, mlinzi huandika hali ilivyokuwa dakika ile: injini ilikuwa ikizunguka kwa kasi gani, maji yalikuwa na joto kiasi gani, gari lilikuwa limesimama au lilikuwa mbioni. Hayo ni maelezo ya thamani kubwa. Fundi akiyasoma atajua kama kosa hutokea asubuhi injini ikiwa baridi, au mchana katika foleni, au gari linapopanda kilima na watu watano.

Na daftari hilo ndilo linalofutwa! Fundi anayebonyeza kitufe cha kufuta kabla hajaandika kitu kwenye karatasi amechana ukurasa wa mlinzi, na mwizi bado yumo ndani ya nyumba. Kisha anakutoza fedha kwa kazi hiyo.

Namba hizo mafundi wa mjini huziita kodi, lakini si ile ya mapato. Za injini na giaboksi huanza na herufi P, kisha zinafuata tarakimu nne. P0301 maana yake ni kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa, au kama tusemavyo gereji, inamisi. P0302 ni silinda ya pili, na kuendelea. P0300 ni kwamba kumisi kunarukaruka, leo huku, kesho kule. P0171 ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. P0420 ni kwamba chombo cha kusafisha moshi hakifanyi kazi yake inavyopasa.

Hapa ndipo palipo na kosa kubwa linalowapotezea watu fedha, nami naomba nikae hapo kidogo. Namba hutaja ugonjwa, haitaji spea. Chukua hiyo P0171. Hewa imezidi petroli. Kwa nini? Huenda mpira unaopitisha hewa baada ya kichungi umechanika, na hewa inaingia bila kupitia kwa sensa inayoihesabu. Huenda sensa yenyewe ya hewa imeshika vumbi, na katika barabara zetu hilo si jambo la ajabu, hasa pale kichungi kilipokuwa kikipulizwa na kurudishwa, kikipulizwa na kurudishwa, mpaka kikawa chujio la nazi. Huenda pampu ya petroli imechoka, au nozeli zimeziba. Huenda ekzosi imetoboka mbele ya sensa ya oksijeni, ikaingiza hewa ya nje na kumdanganya mlinzi. Sababu tano, namba moja. Fundi mvivu atakuambia, "Lete sensa ya oksijeni, bosi," kwa kuwa ndiyo iliyopeleka taarifa. Hiyo ni sawa na kumfukuza mtumishi kwa sababu amekuja kukuambia kwamba paa linavuja.

Fundi mwenye akili hutafuta. Hufungua boneti, hutazama mipira, husikiliza mlio wa hewa inayovuja, hupima nguvu ya pampu. Kifaa cha kusomea namba ni mwanzo wa kazi yake.

Turudi kwa mwalimu. Mpwa wake alimpeleka kwa kijana mmoja mwenye kibanda kidogo, hana bango wala ukumbi wa kusubiria. Kijana yule alichomeka kifaa, akasoma, na kabla ya kufanya lolote akachukua kalamu akaandika kwenye kipande cha boksi: P0301.

"Shikamoo mwalimu," akasema, maana aliambiwa kazi yake. "Hii gari ina silinda nne, na kila silinda ina koili yake. Hii ya kwanza haichomi. Sijui bado kama ni koili, plagi au nozeli. Naomba nusu saa."

Akaitoa koili ya silinda ya kwanza akaipeleka kwenye silinda ya tatu, na ile ya tatu akaileta kwenye ya kwanza. Halafu akafuta namba. Hapa, ndugu wasikilizaji, kufuta kulikuwa na maana, kwa sababu alitaka mlinzi aanze ukurasa mpya. Wakaliendesha gari mzunguko mmoja, wakarudi, akasoma tena: P0303. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili. Lingebaki kwenye silinda ya kwanza, angejua kwamba koili haina hatia, na angegeukia plagi, kisha nozeli, kisha angepima kompresheni. Ikanunuliwa koili moja. Gari likatulia, likawa halitetemeki. Na mwalimu akapiga hesabu akaona kwamba fedha alizolipa mara tatu za kufuta zilitosha kuinunua koili ile.

Ingekuwa hadithi imeishia hapo, tungecheka tu. Lakini baada ya majuma matatu taa iliwaka tena, safari hii kwa namba nyingine: P0420.

Nilisema kwamba ilifika mahali taa ya mwalimu ikawa inawaka na kuzima. Hilo ni jambo la kushika kuliko yote niliyoyasema leo. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, unaweza kuendelea taratibu na kupanga kwenda kwa fundi katika siku hizi mbili tatu. Ikimemeta, yaani ikiwaka na kuzima huku unaendesha, maana yake injini inamisi kiasi cha kuangamiza chombo cha kusafisha moshi. Ondoa mguu kwenye mafuta, punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame, na usiendelee na safari ndefu. Petroli ambayo haikuchomeka ndani ya silinda hutoka mbichi, ikaenda kuwakia ndani ya chombo hicho, na joto lake linaweza kuyeyusha vilivyomo. (Taa nyekundu ni habari nyingine kabisa: ile yenye umbo la kibirika cha oili, au ile ya joto. Hizo hazikupi siku mbili. Hizo unazima injini palepale.)

Chombo hicho cha kusafisha moshi mafundi huyaita masega, kwa kuwa ndani kina matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana bei yake ni kubwa mno ukiilinganisha na ya koili moja. Zamani ilikuwa ikisemwa kwamba masega huku kwetu hayana faida, kwa vile petroli yenye risasi huyaua. Hoja hiyo imekwisha. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo ilipofika mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, mwaka 2021. Lakini kwa sababu ya madini hayo masega yana soko, na wapo watu ambao ukiwaachia gari siku nzima kwa kazi ya breki watakurudishia likiwa jepesi chini na linanguruma. Baadaye taa ikiwaka, watakufutia.

Kuhusu kununua gari. Ndugu yangu unayekwenda yadi na akiba ya miaka kumi mfukoni, fanya hivi. Kabla injini haijawashwa, zungusha ufunguo mpaka taa zote za dashibodi ziwake, na utafute ile ya injini kwa macho yako. Ni lazima iwake. Isipowaka, ama balbu imetolewa ama waya umekatwa, na mtu hakati waya wa taa isiyo na la kusema. Kisha washa injini: taa izimike baada ya muda mfupi. Tazama pia kama haizimiki sawia kabisa na taa ya oili, kwa maana wapo mabingwa wanaoziunganisha waya ili ziwake pamoja na kuzima pamoja. Halafu nenda na fundi wako mwenyewe mwenye kifaa. Katika magari yenye mfumo huu kamili, namba zikifutwa, hata yale majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe hurudi kuwa hayajakamilika, na huchukua siku kadhaa za kuendesha mjini na barabara kuu ndipo yakamilike. Fundi akikuta daftari jeupe na majaribio yote hayajakamilika, basi lilifutwa juzi au betri ilitolewa. Pengine kwa nia njema. Lakini ulizia, na uombe kulijaribu gari tena baada ya kuendeshwa.

Betri nayo ina hadithi yake. Wengi huamini kwamba ukitoa waya wa betri kwa robo saa umetibu. Kwa magari mengi ya zamani kidogo taa kweli itazimika, lakini umefuta na yale ambayo kompyuta ilijifunza kuhusu injini yako, na asubuhi utaikuta inasuasua kwenye mzunguko wa chini. Redio nyingine zitakudai namba ya siri ambayo huna. Na kosa likiwepo, taa itarudi tu. Katika magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwaka 2010, kuna namba za kudumu ambazo hata kifaa hakizifuti. Kompyuta yenyewe ndiyo inayozifuta ikisharidhika kwamba kosa limeondoka.

Nalo hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wa huduma ya kufuta hawalitangazi. Kosa likitengenezwa kikweli, taa huzimika yenyewe, bila ya kifaa na bila ya malipo, baada ya safari tatu mfululizo ambazo mlinzi hakuliona tena. Namba nayo huondoka daftarini injini ikishapashwa moto na kupoa mara 40 hivi. Kufuta kwa kifaa ni kuharakisha tu, na fundi mzuri hufuta ili ajaribu kazi yake: anafuta, anaendesha, anasoma tena, pamoja na zile namba ambazo bado zinangoja safari ya pili ili zithibitishwe. Hapo ndipo unapolipa.

Wenye yale magari ya Toyota ya Japani ya miaka ya 1990, ambayo bado yapo mengi barabarani, msijione mmeachwa. Baadhi hayana tundu la pini 16. Yana kisanduku kidogo ndani ya boneti chenye maandishi kwenye kifuniko. Fundi huunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, na taa yenyewe huhesabu namba kwa kumemeta: mara mbili, kituo, mara tano, basi ni 25. Ikimemeta mfululizo bila kituo, haina la kusema. Kosa likishatengenezwa, hutolewa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika hivi. Lakini mwachie anayejua, maana ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu. Na wale wanaonunua vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyosomea kwenye simu, wajue kwamba vinagoma kuzungumza na baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Mjaribu kabla ya kulipa.

Nilimwona mwalimu Jumapili iliyopita. Gari linakwenda vizuri, lakini taa inawaka, imetulia, P0420, kwa kuwa fedha ya masega bado hajaipata. Nikamwuliza kwa nini asilizibe jicho lile kama wengine. Akanionyesha kijidaftari anachokiweka chini ya kiti, ameandika kila namba na tarehe yake. Akasema yule kijana alimwonya kwamba taa ikikaa inawaka muda wote, kosa jipya linaweza kuingia na dashibodi isionyeshe tofauti yoyote. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi hupita pale kibandani, husomewa, na kuhakikisha kwamba namba iliyomo bado ni ile moja.